Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu mdogo wangu amenipiga marufuku kumuuliza hali yake. Ametoa amri hiyo leo asubuhi, mswaki mdomoni. Nilikuwa nimemuuliza kama viungo vinauma, kama ameona vipele vipya, kama alilala vizuri. Akatema povu la dawa ya meno, akasema, "Dada, mimi nina miaka thelathini na moja. Nikiumwa nitakuambia. Nisipoumwa, niache nipige mswaki."

Basi. Nitaliuliza daftari.

Ana lupus, mwaka wa sita huu. Askari wa mwili wake, wale wanaopaswa kupigana na vijidudu, wamemgeukia yeye mwenyewe. Siku nyingine wanashambulia magoti, siku nyingine ngozi, na mwaka ule wa pili walifika hadi kwenye utando wa moyo. Mama alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi ishirini na saba. Tangu hapo tunaishi wawili. Yeye ni mwalimu wa chekechea. Mimi ni mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali. Mama alimwita Kitinda, kwa kuwa ni kitindamimba, na jina likamganda mpaka leo.

Mvua imeanza. Ukumbi unavuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 5 Machi

Leo utafiti wa Daktari, yule anayemtibu Kitinda, umeanza rasmi. Wagonjwa ishirini wa lupus watatolewa damu kila baada ya wiki mbili, msimu wote wa mvua. Kuna protini katika damu inayoitwa C3. Mwili ukianza kujishambulia, protini hiyo hutumika vitani, kwa hiyo inaposhuka ni dalili mbaya. Kingamwili zinazoshambulia DNA hufanya kinyume chake, hizo hupanda. Daktari anataka kujua kama damu inaweza kutuambia kwamba ugonjwa unaamka kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi chochote.

Kitinda ni mmoja wa hao ishirini. Amekuwa salama miaka miwili, na Daktari ameanza kumpunguzia vile vidonge ambavyo Kitinda anaviita "vidonge vya mashavu", maana humjaza uso. Hali ikibaki shwari mpaka mvua zikatike, atabaki na kimoja tu kwa siku. Ameshaahidiwa nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi katika shule ya mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, na anataka kwenda akiwa na uso wake mwenyewe. Ndivyo anavyosema.

Sampuli zinaletwa zikiwa na namba tu, bila jina. Mimi ninayepima sipaswi kujua damu ni ya nani, na Daktari hataona majibu mpaka mwisho wa Mei, asije akaanza kuwatazama watu kwa jicho la karatasi. Isipokuwa C3 ya mtu ikishuka chini ya 0.50. Hapo ninampigia simu siku hiyohiyo.

Nilijua kabla sijamaliza kuvaa glavu. Tyubu kumi na tisa zilikuwa za kawaida, na moja ilikuwa ile ndogo ya watoto. Kitinda ana mishipa ya kujificha. Kwa miaka sita hajatolewa damu kwa sindano ya watu wazima, Nesi huchukua ya watoto na kuomba Mungu. Nikasoma kibandiko cha ile tyubu ndogo. Namba tisa.

C3 yake ni 1.10. Kawaida ni kuanzia 0.90. Nimepika leo mimi, ingawa si zamu yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimeweka ndoo ukumbini.

Jumatatu, 11 Machi

Mkuu wetu wa maabara, ambaye sote tunamwita Bwana Taratibu ila mbele yake, ametusomea tena mwongozo wa utafiti kuanzia ukurasa wa kwanza. Alipofika kwenye "mpimaji asijue mgonjwa ni nani" nilijikuta natazama viatu vyangu. Lakini sijamuuliza mtu wala sijafungua faili la mtu. Nimeona tyubu ndogo tu. Macho hayana mlango.

Jumanne, 19 Machi

Awamu ya pili. Tyubu ndogo ipo, namba tisa. C3 ni 1.08, na kingamwili zimetulia.

Namba zote ninaziandika, lakini Tisa huwa namwacha wa mwisho, kama mtoto anavyoacha kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Wengine wako sawa, isipokuwa Kumi na Nne aliyeshuka kidogo, kutoka 0.96 hadi 0.81. Nimeweka alama ya penseli.

Kitinda amerudi na viatu vimelowa, amechoka, amelala bila kula. Zamani ningesimama mlangoni kwake kama askari wa getini. Leo nilimfunika shuka nikazima taa.

Jumamosi, 23 Machi

Tumefua, hakijakauka kitu.

Jumanne, 26 Machi

"Dada, siku hizi umekuwa mtu mzuri sana," Kitinda kaniambia tukila. "Huulizi, hupekui, hunitazami kama saa mbovu. Umepata mchumba?"

"Nimepata."

"Kazi gani?"

"Hesabu."

Akacheka mpaka akapaliwa. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka hivyo mezani. Kwa miaka sita nimekuwa mlinzi wake wa gereza na nikajiita dada. Sasa namwona upya. Ni mtu mzima, ana vichekesho vyake, ana barua zake za kazi kwenye droo, ana mambo asiyoniambia na hayaniui. Nashukuru Mungu kwa ile tyubu ndogo.

Jumanne, 2 Aprili

Awamu ya tatu. Tisa ni 1.12, imepanda.

Kumi na Nne ni 0.68. Kingamwili zilikuwa 40, zikawa 95, leo ni 180. Nilirudia kipimo, majibu ni yaleyale. Nimemwonea huruma mtu huyo. Nimewaza labda ni yule mwenye duka la vitambaa, yule mrefu, au dereva aliyelazwa mwaka jana. Sijui. Bado yuko juu ya mstari.

Ijumaa, 5 Aprili

Kitinda amevua pete ya Mama, ameiweka kwenye kisahani cha sabuni. Anasema inambana kwa sababu ya baridi. Nilidhani kwenye baridi pete hulegea, lakini mwalimu ni yeye.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Barabara ya chini imekatika, nimezunguka kwa miguu nyuma ya soko. Kitinda kaenda kazini na viatu vyangu, eti vyake vimesinyaa kwa maji. Mimi navaa namba kubwa kuliko yeye. Nimemtania kwamba miguu yake imeanza kukua uzeeni.

Jumapili, 14 Aprili

Amelala mchana kutwa. Watoto wa chekechea wana mafua, wamemchosha.

Jumanne, 16 Aprili

Awamu ya nne. Tisa ni 1.09.

Kumi na Nne ni 0.53. Kingamwili 310.

Nilirudia mara mbili. Ya kwanza 0.52, ya pili 0.54. Nikaenda kwa Bwana Taratibu na karatasi mkononi, nikamwonyesha mteremko wote, kuanzia Machi.

"Mstari ni ngapi?" akaniuliza.

"0.50."

"Na hii ni ngapi?"

"0.53. Lakini mzee, anateremka kila awamu. Wiki mbili zijazo atakuwa wapi?"

"Wiki mbili zijazo tutampima tutajua. Tungetaka mstari uwe 0.53 tungeandika 0.53. Ukimpigia Daktari leo kwa huyu, kesho utampigia kwa mwingine, na utafiti wote unakwenda na maji."

Hana makosa. Taratibu ni taratibu, na mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wa maabara hivyohivyo. Nilirudi kwenye meza yangu nikakaa na simu mbele yangu kwa muda. Nikajiuliza, ingekuwa ni Tisa, ningefanyaje? Ningepiga, hilo najua, na Bwana Taratibu angenifukuza baadaye. Lakini si Tisa. Nikaandika 0.53 kwenye safu yake, nikafunga faili, nikawahi kutoka kabla mvua haijaanza tena.

Nimenunua maembe. Kitinda kala nusu moja tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Ndoo mbili sasa ukumbini.

Jumatatu, 22 Aprili

Barua ya kazi imekuja. Wanamtaka aripoti tarehe tatu Juni. Ameisoma mara tatu amesimama, halafu akakaa ghafla kwenye kiti. Nikasema furaha nayo ina uzito. Akasema, "Ndiyo." Alikuwa na uso uliojaa. Nikamwambia anapendeza amenenepa, kwamba dawa zinapungua lakini mashavu yamekataa kuondoka. Hakucheka, nikadhani nimemgusa kwenye kidonda.

Alitaka kusema kitu. Alisema, "Dada," kisha akaniangalia usoni muda mrefu, kisha akasema, "Basi, hakuna."

Sikumuuliza. Nimezoea sasa.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, upande ambao sijawahi kukaa.

Asubuhi sikumsikia akipiga mswaki. Nilimkuta ameketi kitandani amejiegemeza ukutani, kwa sababu akilala anakosa pumzi. Macho yalikuwa yamezibwa na uvimbe. Miguu imevimba mpaka juu ya magoti, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nilimuuliza tangu lini. "Miguu ni kama wiki tatu," akasema. "Uso umezidi tangu jana." Nikauliza mkojo. Akasema una povu, kama mtu amekoroga sabuni.

Nimefanya kazi maabara miaka ishirini na moja. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angejua hiyo ni figo. Mimi nilisema, "Haiwezekani."

Tulikodi gari. Mapokezi ya dharura alikuwepo daktari kijana wa zamu, ananifahamu, mara nyingi nampelekea majibu. Akasoma kadi, akasema, "Ana lupus, tuanzie huko." Nikamwambia hapana. Nilimwambia kwa sauti ile ninayotumia na wanafunzi. "Lupus yake imetulia. Nimeona damu yake mimi mwenyewe, wiki mbili tu zilizopita. Angalia mzio, angalia chakula, angalia moyo." Kijana wa watu akaniamini. Nani asingeniamini? Wakamchoma sindano ya mzio, wakamweka kitanda cha pembeni, wakasema tusubiri.

Tulisubiri kwa muda wa saa nne na nusu.

Saa nane mchana Daktari mwenyewe alipita akielekea wodini, akamwona. Hakuuliza mzio. Alibonyeza mguu mara moja, akaagiza mkojo, akaagiza damu, akaomba mirija ya dripu. Kisha akamwuliza Kitinda, taratibu kama mtu anayeongea na mtoto, "Namba yako ya utafiti ni ngapi, mwalimu? Nataka nifungue majibu yako leo, siwezi kusubiri Mei."

Nikajibu mimi. "Tisa."

Kitinda akafungua macho kadiri alivyoweza. "Kumi na nne," akasema.

Nilimwambia anachanganyikiwa kwa homa. Daktari akaitoa kadi ya kliniki kwenye mkoba wa Kitinda, akaigeuza nyuma. Imeandikwa kwa mwandiko wa Nesi, kalamu ya bluu. Kumi na nne.

Jumanne, 30 Aprili

C3 ya jana ni 0.31. Sikuipima mimi. Nilikatazwa, na hata nisingekatazwa mikono yangu isingeweza.

Nilimtafuta Nesi kwenye chumba cha kutolea damu. Nilimuuliza kuhusu tyubu ndogo. Alishangaa kidogo kwamba najua.

"Mdogo wako siku hizi hanisumbui," akasema. "Tangu mwanzo wa mwaka mishipa yake inaonekana vizuri tu, natumia tyubu ya kawaida. Ile ndogo ni ya bibi mmoja mkunga mstaafu. Mkono wake ngozi na mfupa, nikitumia kubwa mshipa unafunga."

Miezi miwili nimemtunza mkunga mstaafu nisiyemjua. Nimempikia, nimemfunika shuka, nimemshukuru Mungu kwa ajili yake. Na mdogo wangu alikuwa kwenye safu nyingine ya karatasi ileile, akiteremka, nami nikimwekea alama ya penseli.

Jumatano, 1 Mei

Wamechukua kinyama kidogo cha figo wakakipime. Tunasubiri.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwambia Daktari kila kitu. Tyubu, Tisa, siku ya 0.53, na niliyomwambia kijana wa zamu. Nilisimama, sikutaka kiti. Alisikiliza hadi mwisho akikunjakunja karatasi.

"Mkojo wake wa tarehe kumi na sita ulikuwa na chembe ya protini," akasema. "Kidogo sana. Nikasema tutaangalia tena kliniki ijayo. Ningepigiwa simu siku hiyo, ningeziunganisha hizo mbili na ningemrudishia dawa jioni hiyohiyo." Akaiweka karatasi mezani. "Mstari wa 0.50 niliuweka mimi. Niliuchora mahali pabaya. Mtu anayeteremka hivyo hahitaji kusubiriwa afike chini. Hilo ni langu. Lakini kutafuta ndugu yako kwenye namba, hilo ni lako."

Nikamwambia ndiyo, ni langu.

Ameniondoa kwenye utafiti. Bwana Taratibu alinipokonya ufunguo wa friji ya sampuli bila kunitazama. Alisema, "Mama, ningejua ni mdogo wako." Hakumaliza. Nadhani alikisikia mwenyewe alichokuwa anataka kusema.

Ijumaa, 3 Mei

Majibu ya figo. Zimeungua, ndilo neno alilotumia daktari wa figo. Sehemu kubwa itapona kwa dawa kali, sehemu imekwisha kuwa kovu na haitarudi. Kiasi gani, tutajua baada ya miezi sita. Vidonge vya mashavu vimerudi kumi na viwili kwa siku, na dripu nyingine nzito kila mwezi. Shule ya mji mwingine imeandikiwa barua. Aliiandika yeye, mistari minne, akaniambia niipeleke posta nisiisome. Sikuisoma.

Jumatatu, 6 Mei

Mkojo umepungua povu. Mvua ndogo.

Jumatano, 8 Mei

Anakula kidogo. Haongei nami sana, nami nimemwacha. Nilikuwa sijamwambia kuhusu Tisa zaidi ya alichosikia siku ile. Sikuwa na namna ya kumwambia kwa mdomo. Leo nimemwachia daftari hili kwenye kabati la kando ya kitanda. Nimemwambia asome lote, asiruke.

(Nimeandika haya kabla ya kuliacha.)

Jumamosi, 11 Mei

Alikuwa amemaliza. Nilimkuta ameketi, daftari limefunguliwa magotini, uso umepungua uvimbe, macho yameonekana tena. Nilivuta kiti.

"Wiki ile barua ilipokuja," akasema, "nilitaka kukuonyesha miguu."

"Najua. Nimeona baadaye kwamba ulitaka."

"Hujui. Sikiliza. Miaka sita, nikitaka kujua kama naumwa, nilikuwa nautazama uso wako. Ukikunja paji, najua kuna kitu. Ukiwa mtulivu, najua ni uchovu tu. Nilikukataza kuuliza, sikukukataza kuangalia. Siku ile nikakutazama, ulikuwa umetulia kabisa, unatabasamu. Nikasema, Dada yuko maabara, dada anajua mambo. Kama yeye haoni kitu, basi hakuna kitu."

Nililia. Sitasema vinginevyo. Nililia wodini mbele ya wagonjwa wengine watano, mimi ambaye hata kwenye msiba wa Mama nilikuwa nagawa sahani.

Aliniacha nilie. Kisha akarudisha kurasa nyuma mpaka tarehe kumi na sita ya Aprili, akaweka kidole.

"Hapa umeandika, ingekuwa Tisa ungepiga simu."

"Siku hiyohiyo."

"Kwa sababu ulidhani Tisa ni mimi."

"Ndiyo."

"Na kama Kumi na Nne kweli asingekuwa mimi? Kama angekuwa yule wa duka la vitambaa?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitazama wale watano vitandani, mmoja wao amegeukia ukuta, mwingine anachana nywele. Nimekuwa nikipima damu zao miaka yote hii.

"Nisingepiga," nikasema.

"Na leo ungekuwa wapi?"

Nilifikiri. Ni Jumamosi, mvua imesimama.

"Nyumbani," nikamwambia. "Ningekuwa nyumbani nakunywa chai."

Aliitikia kwa kichwa, akanirudishia daftari, akajilaza upande wake wa kushoto ambao haumuumi.